Mfereji Ulionyooka

Jumatatu, 1 Oktoba 1979

Mvua ya kwanza imenyesha leo mchana nikiwa darasani. Nilikatisha somo, maana chini ya mabati yale mtu hasikii hata kikohozi chake mwenyewe. Watoto walifurahi. Mimi nilikuwa nafikiria korongo.

Nimeanza kuandika tena kwa sababu mume wangu Damien amerudi kazini kwenye reli ya Nyunzu, na akiwa safarini sina mtu mzima wa kugombana naye ila mama yake. Mama Bertille hagombani. Anacheka tu, na hiyo ni mbaya zaidi.

Korongo letu lilianza kule chini karibu na reli, kama kidonda kidogo. Kila masika linapanda mlima. Mgeni akiliona hudhani linatoka juu kwenda chini, kumbe linakula kutoka chini: ukingo wake unadondoka, na ukingo mpya unakuwa karibu nasi zaidi. Mwaka jana lilikula nyumba mbili. Sasa kati yake na nyumba yangu imebaki parseli moja tu, kiwanja cha Papa Zahoro fundi cherehani na mke wake Mwavita. Nyumba hii mimi na Damien tuliijenga kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, na hatuna nyingine.

Jumamosi, 6 Oktoba

Salongo. Kila Jumamosi asubuhi watu wazima wote tunatoka na majembe kufanya kazi ya serikali bila malipo, na asiyetoka anatozwa faini. Mara nyingi tunafagia barabara ambayo upepo utaichafua kabla ya chakula cha mchana. Leo, kwa mara ya kwanza, tumepewa kazi yenye maana.

Shefu wa avenyu yetu, yaani mkuu wa mtaa, ni Papa Félicien. Kwenye karatasi yeye ni Citoyen Kasongo, yaani Mwananchi Kasongo, maana majina ya ubatizo yalikatazwa. Midomoni mwetu bado ni Papa Félicien, na mtu akimwita Citoyen anageuka kuangalia nani yuko nyuma yake. Alipanda juu ya jiwe akasema:

"Maji ni kama muntu mwenye hasira. Ukimufungia njia, atavunja mulango. Sasa sisi tumufungulie njia, apite, aende zake. Tutachimba mufereji toka kule juu mupaka kule ku ravini, ku korongo yetu."

Tulikubali wote. Mimi nilikubali kwa sauti kuliko wengine, kwa sababu jambo lilikuwa wazi: maji yanatuharibia, basi maji yaondoke haraka.

Mfereji ulipita mbele ya nyumba yangu ukafika kwa Zahoro. Njia iliyonyooka ilikuwa ipite nyuma ya nyumba yake, katikati ya migomba yake, hadi kwenye ukingo. Zahoro akasimama mbele ya migomba na kanzu yake ya nyumbani, mikono nyuma.

"Hapa hapana," akasema.

"Juu ya nini, Papa Zahoro?" akauliza Papa Félicien.

"Nimesema hapana. Piteni pembeni."

Tukapita pembeni. Mfereji ukapinda kama mkono uliovunjika.

Ijumaa, 12 Oktoba

Manyunyu. Madaftari ya kusahihisha. Nilikula bukari ya mihogo, ugali wetu, na ndagala wa ziwani.

Jumanne, 16 Oktoba

Mvua kubwa. Mwavita alikuwa amekuja kuniletea chumvi, akakwama kwangu, tukakaa barazani kuangalia mfereji ukifanya kazi. Ulifanya kazi vizuri mno. Maji yalipita mbele yetu mekundu, mbio, bila kumwagika nje, na mimi nikajisifu kana kwamba nimeyazaa.

"Angalia. Sasa yanajua kwa kwenda."

"Yanaenda mbio sana, ndugu yangu," akasema Mwavita.

"Njo vile tunataka, ndivyo hasa."

Alicheka kwa bega, kama kawaida yake. Bega la kushoto linapanda kabla ya sauti kutoka. Sisi ni marafiki tangu tulipokuwa na mimba pamoja. Yeye Mwislamu, mimi Mkatoliki, Idi nakula kwake na Noeli anakula kwangu, na ndiye mtu pekee anayeniambia usoni kwamba sombe yangu ya majani ya mihogo haina ladha.

Mvua ilipokatika tulisikia kishindo chini. Ukingo umeanguka, na choo cha Germain, kijana wa ng'ambo ya korongo, kimekwenda nao. Germain hakuwamo. Mama Bertille anasikitika kidogo kwamba hakuwamo.

Jumamosi, 20 Oktoba

Papa Félicien anasema mfereji haukuwa na kina. Tumechimba hadi magotini. Mgongo wangu unaijua tofauti hiyo.

Jumatano, 24 Oktoba

Hesabu, darasa la sita. Bomba moja linajaza tangi kwa saa sita, jingine kwa saa tatu. Yote mawili yakifunguliwa pamoja, tangi litajaa baada ya muda gani? Mimi nawafundisha watoto hivi: kwanza andika ulichopewa. Usiongeze, usipunguze. Nusu ya makosa ya dunia hii yanatokana na watu kuandika pale juu kitu ambacho hawakupewa.

Fatouma, binti wa Mwavita, akajibu kwamba tangi halitajaa kabisa.

"Halitajaa? Nani amekupa hiyo?"

"Hakuna aliyenipa, Mwalimu. Kwetu watu wa juu wakifungua bomba, la chini linakauka."

Darasa likacheka. Nilimwambia kwenye problemu hakuna watu wa juu na watu wa chini, kuna mabomba mawili tu, nikampa sifuri. Jioni nilikwenda kuchota maji. Watu wa juu walikuwa wamefungua. Nilisimama na ndoo tupu nikijifanya siikumbuki ile sifuri.

Jumamosi, 3 Novemba

Ukingo umepanda tena wiki hii, mara mbili. Sasa uko mwisho wa migomba ya Zahoro. Papa Félicien amechomeka kijiti penye ukingo ili tuone unavyotembea, na kila mvua inakipeleka.

Leo baada ya kazi tulikaa kuzungumza, na mazungumzo yote yalikuwa juu ya ile kona. Maji yanakuja kwa nguvu, yanafika kwenye kona, yanagonga, yanachimba. Bila kona yangepita. Na kona ipo kwa sababu ya nani?

"Anauza zile ndizi," mmoja akasema.

"Ndizi gani? Iko na kitu amezika pale."

"Hawa Wangwana wanajiona. Babu zao walikuja na biashara, wanafikiri ziwa ni lao."

Mimi nilisema ni ubahili. Nilisema kwa utulivu, kama mtu mwenye elimu, na kwa hiyo waliniamini kuliko waliopiga kelele. Zahoro alikuwa anafuta jembe lake hatua chache kutoka pale. Sijui kama alisikia.

Jumapili, 11 Novemba

Damien amekuja kwa siku mbili. Alikagua mfereji kwa macho ya fundi wa treni, akasema kona ni mbaya, hata gari-moshi halipendi kona kali. Basi, hata reli imetoa ushahidi dhidi ya Zahoro.

Jumatano, 28 Novemba

Watu hawampelekei Zahoro nguo tena. Cherehani yake iko kimya. Mwavita hajaniambia neno, lakini leo alinunua mafuta ya kupikia kwa kikopo kitupu cha nyanya, si kwa chupa.

Ningeweza kumpelekea sare za watoto. Sikumpelekea. Niliogopa watu watasema nini.

Jumamosi, 8 Desemba

Salongo. Kuchimba. Kijiti kimekwenda.

Jumamosi, 15 Desemba

Salongo. Kuchimba. Kijiti kimekwenda. Lingekuwa shairi, hiki kingekuwa kibwagizo.

Alhamisi, 27 Desemba

Noti za zaire tano na kumi zimekufa. Zimetangazwa Noeli, kama zawadi. Kila mtu anakimbilia benki kubadilisha, na benki inabadilisha kidogo tu kwa kila mtu, kwa hiyo mji mzima umesimama kwenye mstari juani. Pesa tulizokuwa tumeweka kwa ajili ya saruji ya kiwanda cha Kabimba, ya kujengea ukuta wa kuzuia korongo, sasa ni karatasi. Damien alizitandaza mezani, akaziangalia, akazikunja tena vizuri.

Hakuna atakayekuja kuchimba wiki hii.

Jumatatu, 7 Januari 1980

Jumamosi mbili zimepita bila salongo. Mfereji umejaa mchanga na majani. Huwezi kuuona ulipo. Jana ilinyesha tangu ibada ya asubuhi, mvua nzito kabisa, na maji hayakuwa na njia. Yakatambaa kila mahali, yakaingia kwenye matembele yangu, yakashuka polepole kwa Zahoro, yakaenea kwenye nyasi na migomba yake, na pale yakapotea. Uwanja wangu ni tope tupu. Nimewakasirikia watu wote wa mstari wa benki.

Kijiti kiko palepale. Papa Félicien anasema ni bahati. Mimi nasema mvua haikuwa kubwa sana. Mama Bertille alinionyesha beseni lake lililoachwa nje; lilikuwa limefurika. Nikamwambia beseni ni dogo.

Jumamosi, 12 Januari

Salongo imerudi, na hasira za benki zimerudi nayo. Tumesafisha mfereji kwa nguvu ajabu. Kisha Papa Félicien akatangaza: kona itoke. Jumamosi ijayo mfereji utanyooka, Zahoro apende asipende. Lakini Papa Félicien si mtu mbaya, hataki kupigana na jirani. Alinifuata nyumbani.

"Mama Mwalimu, weye njo rafiki ya bibi yake. Zungumuza naye. Ikubaliwe kwa upole."

Jumatatu, 14 Januari

Nimezungumza na Mwavita bombani. Nilikuwa nimejiandaa kama kwa ukaguzi wa shule. Nilimwambia korongo haliulizi dini ya mtu. Nilimwambia nyumba yake ndiyo ya kwanza na yangu ya pili, kwa hiyo sisemi kwa faida yangu peke yangu. Nilimwambia migomba huota tena, na mtu mmoja hawezi kufunga njia ya watoto wa avenyu nzima.

Alisikiliza ndoo ikijaa hadi ikamwagika.

"Siyo migomba, Marceline."

"Basi njo nini?"

Akataka kusema. Wanawake wengine wakafika na ndoo zao, akaweka kata kichwani. "Nitamuambia Zahoro," akasema. "Juu ya weye kuniomba, nitamuambia."

Sikumuuliza tena. Nilikuwa nimepata nilichokuja kutafuta.

Jumamosi, 19 Januari

Imekatwa. Zahoro alikubali kwa kutikisa kichwa, na yeye mwenyewe akaleta jembe lake akachimba pamoja nasi. Hadi saa sita migomba yote ya katikati ilikuwa chini, mashina yameng'olewa, na mfereji umenyooka toka juu ya avenyu hadi ukingoni, unaweza kuutazama mwisho hadi mwisho kama mtutu wa bunduki. Watu walipiga makofi. Papa Félicien alimshika Zahoro mkono. Nilifurahi. Naandika hapa kwamba nilifurahi.

Jumapili, 20 Januari

Mwavita alikuja baada ya misa, akakaa jikoni kwangu bila kuomba kiti.

Kabla ya Fatouma walizaa mtoto wa kiume. Alikufa siku ya sita. Siku ya saba ndiyo angepewa jina. Ilikuwa masika ya vita vya waasi, njia ya makaburini haikupitika kwa sababu ya askari, Zahoro akamzika nyuma ya nyumba na kupanda mgomba juu yake ili mtu asije akapakanyaga. Mgomba ukazaa migomba.

"Jana mbele ya alfajiri alimuhamisha," akasema Mwavita. "Peke yake. Alikuta kidogo tu. Amemupeleka makaburini ndani ya kitambaa."

"Kwa nini hamkusema? Tungejua, tusingegusa pale."

"Zahoro hakutaka watu wakanyage pale kuangalia. Na mimi nilimuambia: mutoto mumoja hawezi kufunga njia ya watoto wa avenyu muzima."

Hayo yalikuwa maneno yangu, karibu neno kwa neno, alikuwa ameyabeba kutoka bombani pamoja na ndoo. Nilimshika mkono. Akaniambia maharage yangu yanaungua, na kweli yalikuwa yanaungua.

Tulisema ubahili. Tulisema kiburi. Hakuna hata mmoja wetu aliyepewa hiyo.

Alhamisi, 31 Januari

Nitaandika kwa mpangilio. Nisipoandika kwa mpangilio sitaandika kabisa.

Juzi, Jumanne, mvua ilianza wakati wa somo la mchana. Haikuwa ya kutisha. Ile ya Jumapili ya kwanza ya mwezi ilikuwa kubwa kuliko hii. Fatouma, anayekaa dawati la dirishani, akainua mkono.

"Mwalimu, naomba kwenda. Mama iko peke yake."

"Kaa chini. Utaloa."

Akakaa. Mvua ilipopungua tulitoka pamoja, yeye akiruka madimbwi mbele yangu. Tulipofika kwenye avenyu niliona watu wamesimama kwa Zahoro, wanawake mikono kichwani. Nikamshika Fatouma kwa nyuma ya sare, akashangaa.

Mfereji ulikuwa umeyapeleka maji yote ya mlima ukingoni kwa pigo moja, bila kona, bila kitu cha kuyachelewesha. Ukingo ukaanza kupanda ndani ya mfereji wenyewe, kwa ile njia tuliyoinyoosha. Ulipita palipokuwa na migomba, ukafika jikoni. Jiko la Mwavita lilikuwa banda la miti na udongo nyuma ya nyumba. Halipo. Nusu ya nyumba haipo. Kitanda kilikuwa kimeinama nje, kimeshikwa na mguu mmoja.

Germain aliona kila kitu toka ng'ambo. Alikuwa anarudia maneno yaleyale kwa kila aliyefika.

"Alitoka. Nilimuona ametoka inje. Nikapiga kelele. Akanisikia, akaangalia. Kisha akarudia sufuria."

Walimkuta chini karibu na reli. Zahoro alimbeba mwenyewe, hakukubali mtu amsaidie, na alipopita mbele yangu niliona mkono wa Mwavita una unga wa mihogo mpaka kwenye kiwiko, hata maji hayakuutoa wote.

Wanawake wa dini yake walimwosha. Mimi nilikaa nje na Fatouma mapajani, ingawa ni mkubwa sana kwa mapaja. Hakulia. Muda mrefu baadaye akasema, "Mwalimu, uliniambia nikae." Sijui alikuwa ananishukuru au ananilaumu, na sitamuuliza.

Walimzika jana. Ee Mwavita, nani sasa ataniambia sombe yangu haina ladha? Nimelia mpaka Mama Bertille ameacha kucheka. Amekuja kukaa karibu nami na kuninyamazia, mwanamke ambaye sijawahi kumwona kimya.

Jumamosi, 2 Februari

Hakuna salongo. Matanga. Zahoro na Fatouma wamehamia kwa Hamidi, kaka yake, kule juu karibu na soko.

Jumanne, 5 Februari

Mvua, kubwa. Sikulala nyumbani kwa hofu, nilimchukua Mama Bertille na watoto tukaenda kwenye kanisa. Asubuhi tulirudi tukiwa tayari kukuta shimo. Nyumba imesimama. Udongo wa jiko la Mwavita na matofali ya nyumba yake viliangukia ndani ya mfereji vikauziba, na maji yakarudi kwangu, yakaenea uwanjani, yakalala kwenye nyasi kama ng'ombe. Ukingo haukusogea.

Jumamosi, 9 Februari

Papa Félicien amekonda. Tulimkuta amekaa juu ya lile jiwe badala ya kusimama. Akasema Jumamosi ijayo tuuzibue mfereji, tena tuupanue, kwa sababu tulichimba kidogo mno. Tungechimba zaidi, Mwavita angekuwa hai. Watu wakaitika. Walikuwa wanataka sana kuchimba, wana huzuni na mikono mitupu.

Nilikuwa nafungua mdomo niitike, na nikasikia sauti yangu ya darasani: nani amekupa hiyo?

Nani alitupa kwamba maji lazima yaondoke haraka? Hakuna. Papa Félicien alisema siku ya kwanza juu ya jiwe, neno lake likawa limeandikwa pale juu pamoja na tulichopewa kweli, yaani mlima, mvua na korongo. Tangu hapo tumebishana juu ya kina, juu ya kona, juu ya Zahoro, na hakuna aliyerudi kwenye mstari wa kwanza. Mara mbili mfereji uliziba. Mara mbili ilinyesha kuliko kawaida. Mara mbili korongo lilisimama. Na mimi nilisema beseni ni dogo.

Sikusema kitu mbele ya watu. Nilitembea hadi kwa Zahoro palipobaki vichaka vitatu vya migomba pembeni. Chini yake udongo umesimama wima juu ya korongo, umeshikwa na mizizi kama kikapu.

Jumatano, 13 Februari

Nilitaka Zahoro asikie kutoka kwangu kabla ya watu wengine. Nilimkuta kwenye baraza ya Hamidi, anashona sare. Watu wamerudi kumpa kazi. Huruma imefanya kile ambacho haki haikufanya.

"Papa Zahoro, iko na jambo. Mfereji njo ulileta ravini. Maji yakienda mbio yanachimba. Migomba yako na nyasi zake vilikuwa vinayalaza. Tulipokata..."

Mguu wake uliendelea kukanyaga cherehani hadi mwisho wa pindo. Akakata uzi kwa meno.

"Mimi sikujua," akasema. "Usinifanye muntu wa akili. Mimi nilikuwa nalinda mutoto tu."

"Najua sasa."

"Kwa matanga watu waliniambia: ni mvua, ni Mungu. Nikakubali. Nakula nayo, nalala nayo. Leo weye unaniambia ni jembe. Kama ni jembe, mimi nitafanya nini, Mama Mwalimu? Na langu lilikuwa mule."

"Langu lilikuwa mbele ya lako."

"Acha ikuwe mvua," akasema. "Nakuomba. Acha ikuwe mvua."

Ndani nilisikia Fatouma akihesabu kwa sauti, anafanya kazi niliyompa.

"Jumamosi wanataka kuchimba tena, Papa. Kuna nyumba zingine pale."

"Ya kwako njo ya kwanza."

"Ndiyo," nikasema. "Ya kwangu ndiyo ya kwanza."

Akachukua kitambaa kingine. Niliondoka. Nikinyamaza, yeye atapata usingizi na wengine watapoteza watoto. Nikisema, namuua mke wake mara ya pili. Sijawahi kupewa hesabu hii.

Jumamosi, 16 Februari

Nimesema. Nilieleza kuhusu mara zile mbili, kuhusu migomba, kuhusu mizizi. Walinisikiliza kwa adabu kwa sababu nilikuwa rafiki wa marehemu.

Papa Félicien akasimama. "Mama Mwalimu, unataka kusema sisi njo tulimuua?"

"Sisi. Na mimi njo niliyemuomba akubali."

Mwanamke mmoja akaanza kulia, mwingine akasema huzuni imenipanda kichwani, nirudi nyumbani nipumzike. Damien, aliyekuwa amerudi jana, alinishika kiwiko. Alikuwa na haya. Lakini nilikaa chini ndani ya mfereji na kusema sitoki, wachimbe nikiwa humo.

Papa Félicien akachomeka jembe lake ardhini. Si mtu mbaya, nimeshasema.

"Basi ziba," akasema. "Lakini ziba mbele ya nyumba yako. Maji yakae kwako. Nyumba ikianguka, usitulilie."

Tumeziba, mimi na Damien, kwa udongo, mawe na mashina ya migomba yaliyooza. Jioni Damien, akinawa mikono, akasema, "Na kama umekosea?" Nikamwambia tutakuwa hatuna nyumba. Nikageuka asione uso wangu.

Ijumaa, 22 Februari

Mvua ilikuja jana mchana, mvua ambayo tulikuwa tunaiogopa tangu Oktoba. Maji yalifika kwenye kizuizi yakasimama, yakapanda, yakaingia uwanjani, yakapita chini ya mlango. Tulibeba vitanda. Mama Bertille tulimweka juu ya meza, akauliza kama chakula kitaandaliwa juu yake au pembeni yake. Maji yalifika magotini, kisha yakakaa palepale, mazito, hayana haraka ya kwenda popote.

Asubuhi avenyu nzima ilishuka kuangalia ukingo. Kijiti kilikuwa kimesimama mahali pake, kimeloa tu. Papa Félicien alikigusa kwa kidole, akavua kofia.

"Mama Mwalimu, ulisema kweli."

Watu wakanizunguka. Walinishika mikono, mmoja akaniombea baraka, Damien akanitazama kama alivyokuwa akinitazama kabla hatujaoana. Na nyuma yao nikamwona Zahoro. Alikuwa ametoka kwa Hamidi na viatu vya nyumbani. Aliangalia kijiti, akaangalia maji yaliyotulia kwangu, akaangalia pale palipokuwa na jiko. Hakuna aliyemweleza kitu, na hakuhitaji kuelezwa. Aligeuka akapanda barabara polepole, mkono mmoja ukipapasa ukuta wa nyumba za watu, na hakumsalimu mtu.

Wananiita mwenye akili. Sikuwaambia kwamba jana, nimesimama ndani ya maji na godoro kichwani, nilikuwa naomba kwa nguvu zangu zote korongo lipande, liimeze nyumba yangu hadi tofali la mwisho, ili iwe ni mvua tu.